Samaki Wasioliwa wa Gatina

Siku ile waajiri wangu wa Lavington walipogawa vyombo vyao kabla ya kurudi kwao, mimi nilichagua samaki. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Waliocheka wakati ule walikuwa wengi, na mimi bado nipo.

Kawangware nzima iliijua desturi hiyo. Mgeni aliyekuja Nairobi kwa kazi ya miaka michache, mkataba wake ukiisha, hawezi kuibeba nyumba nzima kwenye ndege. Basi huwaita wafanyakazi sebuleni, na kila mmoja hutaja anachokitaka. Sisi wenyewe huwa tumeshagawana kimoyomoyo zamani. Mtunza bustani alichukua baiskeli. Askari wa geti akachukua redio na makoti ya baridi. Mimi nilikuwa nimetengewa friji ndogo, tena mama mwenye nyumba alikuwa ameshaifuta ndani na nje, inangoja tu kubebwa. Nikamshukuru, nikamwambia friji ampe mwingine. Mimi nilikuwa naomba lile tangi la vioo karibu na dirisha, pamoja na samaki wake watano.

Askari alinivuta kando akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Friji, alisema, unaweza kuuzia watu maji baridi na barafu. Friji unaweza kuiuza ukajenga nyumba kwenu. Samaki hata kuwala huwezi, ni wadogo, wana mafuta tumboni na mikia mitupu. Nilimwambia asinihesabie vya kwangu.

Wacha nieleze. Miaka yote niliyofanya kazi katika nyumba ile, tangi lilikuwa jukumu langu. Nilijua kwamba maji yake hayabadilishwi yote kwa mpigo, unatoa kidogo na kurudisha kidogo. Nilijua kwamba maji ya bomba hutiwa dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo huchoma matamvua ya samaki, kwa hivyo lazima maji yakae wazi siku kadhaa hadi harufu iishe. Niliwajua mmoja mmoja. Wawili walikuwa wa rangi ya machungwa, matumbo ya mviringo, mikia laini iliyogawanyika na kuburuta nyuma yao. Mmoja alikuwa mweupe mwenye uvimbe mwekundu kichwani, kama amevaa kofia. Mmoja wa madoadoa. Na mmoja mweusi tititi, macho yametokeza nje pande zote mbili, uso wa mtu aliyeshtuliwa akabaki hivyo. Lakini kila nilipokuwa mbele yao nilikuwa na kitambaa mkononi. Kila kitu nilichokuwa nacho maishani mwangu kilikuwa na kazi, hata mimi mwenyewe nilikuwa na kazi. Nilitaka kitu kimoja kizuri kisichokuwa na kazi yoyote, na nilitaka kiwe changu.

Basi dereva wa nyumba ile akanifanyia hisani, akalipakia tangi tupu kwenye gari na kunivusha hadi Gatina, pale Kawangware, samaki wakiwa katika sufuria kubwa magotini mwangu. Nilikuwa nimepanga chumba katika ghorofa ya kwanza ya jumba la mawe. Chumba kimoja: kitanda, meza, stuli mbili, jiko la mafuta ya taa. Sikuwa na mume, tulikuwa tumeachana, na sikuwa na mtoto. Hilo nalo lilikuwa na wasemaji wake, mtalisikia.

Kwanza meza. Tangi likijaa maji lina uzito wa ng'ombe, na meza yangu ilikuwa inatetemeka hata kwa sahani ya ugali. Chini pale uani kulikuwa na fundi seremala, mtu wa Kakamega, mpole, mwenye penseli sikioni kila saa. Nilimwambia nataka stendi ya miguu minne ya kubeba maji. Akauliza maji gani. Nikamwambia. Alicheka hadi akaketi juu ya mbao zake, halafu akainuka akafanya kazi nzuri kuliko kitanda chochote alichowahi kuuza. Alileta pimamaji, akagundua sakafu ya chumba changu inateremka kuelekea mlangoni, akaweka vipande vya bati chini ya mguu mmoja hadi stendi ikakaa sawa. Tangi likiinama, alisema, kioo kimoja kitabeba mzigo wa wenzake na kitapasuka. Juu ya mbao nikatandika kipande cha godoro kuukuu, na tangi likakaa juu yake. Vyaelea vimeundwa, walisema wahenga, na walisema kweli.

Halafu kokoto za kuweka chini. Niliziokota penye nyumba iliyokuwa ikijengwa, nikaziosha uani mbele ya ploti nzima, wapangaji wote wakiona. Niliosha mawe. Mwanamke mzima, amechuchumaa kando ya karai, anayasugua mawe, anamwaga maji machafu, anasugua tena hadi maji yatoke meupe. Wanawake waliokuwa wakifua nguo wakaacha kazi wote. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa kanisa, mwenye sauti ya kusikika hadi Riruta, aliuliza kama nitayachemsha pia na kama nataka chumvi. Nikamjibu kwamba yakiiva nitampelekea sahani.

Chujio nililitengeneza kwa kopo la plastiki, sponji ya godoro na kokoto kidogo. Pampu ya kupuliza hewa ilikuja na tangi, kijidude cha kunguruma kama nzi chupani. Maji nikayatoa katika pipa langu. Na hapo nikagundua jambo lililonifurahisha mno. Kule Lavington tulikuwa tunahangaika na ndoo za kuyalaza maji ili dawa iruke. Huku Gatina, kila nyumba ilikuwa na pipa, kwa sababu bomba la uani lilikuwa linatoa maji siku linapotaka lenyewe. Maji ya pipa yalikuwa yamelala na kuamka mara nyingi, ya kufulia, ya choo, ya kupigia deki. Kwa samaki wangu yalikuwa ndiyo maji ya kifalme. Niliyajaza tangini, nikayaacha yatulie huku pampu ikipuliza, ndipo nikawatia samaki, mmoja mmoja, kwa bakuli. Walishuka hadi chini, wakatulia kidogo, kisha yule mweusi akaanza kuzichokora kokoto nilizoosha. Nilikaa kwenye stuli nikawatazama hadi chai yangu ikapoa. Nilifurahi. Sina neno lingine.

Siku hizo nilikuwa nimeanza kusuka nywele katika saluni moja pale kwenye steji ya Kawangware 56. Kila jioni nilirudi nikiwa na vidole vimekufa ganzi, nikaketi mbele ya tangi. Chakula walichokuja nacho kilipokwisha, nilichemsha minji, yaani njegere, nikaimenya ganda na kuiponda, maana samaki wa aina hii wakivimbiwa hupinduka wakaelea tumbo juu, na minji ndiyo huwanyoosha. Siku nyingine nilisaga omena nikawanyunyizia unga wake. Habari kwamba samaki wangu wanakula omena ilizunguka ploti kabla sijamaliza kuosha kinu. Stima ikipotea, nilisimama na jagi nikichota maji na kuyamwaga kutoka juu, chota mwaga, chota mwaga, ili hewa iingie, hadi mabega yaniume. Walinibandika jina la mama samaki. Nikaitika.

Maneno sasa. Mama wa kanisa alipopata nafasi ya kuchungulia mlangoni kwangu na kumwona yule mweusi, alirudi nyuma hatua nzima. Wakati huo magazeti na mahubiri yalikuwa yamejaa habari za waabudu shetani, na macho yale hayakunisaidia. Alisema lile ni pepo limewekwa ndani ya maji, na kwamba ndiyo sababu sizai. Nilimwambia mume wangu wa zamani aliniacha kabla ya samaki, kwa hivyo pepo huyo atafute kazi nyingine. Wengine walisema najifanya Mzungu. Wengine walisema namaliza maji ya watu. Hilo la maji ndilo lililoota mizizi, kwa sababu lilikuwa na sura ya ukweli.

Bomba la ploti lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa keateka, yule aliyekuwa akikusanya kodi kwa niaba ya landilodi. Maji yakija, alifungua, na kila nyumba ikachota kwa zamu kiasi kile kile. Mimi sikuwahi kuchota zaidi ya mwenzangu. Nilipunguza ya kuoga, nikaoga kwa bakuli. Maji machafu niliyoyatoa tangini nilipigia deki ngazi za jumba zima, ngazi ambazo hakuna aliyetaka kuzigusa. Lakini nani anataka hesabu yako akishaamua? Msimu wa kiangazi ulipofika na bomba likakauka kwa muda mrefu, watu wakaanza kunisema waziwazi, kwamba wao wanalala na kiu na samaki wangu wanaogelea.

Katika kiangazi hicho hicho ndipo mama yangu alipokuja. Alitoka kwetu ziwani, na hakuja kutembea. Maisha yake yote alikuwa mwuza samaki. Ananunua ufuoni mashua zikifika, anapasua, anakaanga, anauza sokoni, na kwa kisu hicho sisi sote tukasoma na kuvaa. Sasa gugumaji lilikuwa limefunika ziwa. Majani ya kijani kibichi toka ufuoni hadi macho yanapokomea, mashua zimenaswa ndani yake, hakuna inayotoka na hakuna inayoingia. Sokoni hakuwa na cha kuuza. Alikaa, akangoja, akaona haya kuomba, halafu akapanda basi akaja kwangu.

Jioni ya kwanza aliliangalia tangi kwa jicho la biashara. Aliuliza tutawala lini. Nikamwambia hatutawala. Kwa mama yangu samaki asiyeliwa alikuwa na sababu mbili tu, ama ana sumu ama amelaaniwa, kwa hivyo aliniuliza ni ipi kati ya hizo. Nilimwambia ni wa kutazama. Alisema mkia ule ni mwingi sana kwa nyama ndogo hivyo, akaenda kulala.

Lakini nilipokuwa saluni, mchana kutwa, samaki hao ndio waliokuwa wenziwe. Hakujua mtu, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu. Baada ya muda nikawa namkuta amevuta stuli karibu na kioo. Alimwita yule wa kofia nyekundu askofu. Aliniarifu kwamba askofu hakumaliza chakula chake, kwamba mweusi ni mchokozi, kwamba wale wawili wa machungwa hawaachani kama wake wenza waliopatana. Mimi nilijikausha nisicheke.

Ndipo keateka akapanda ngazi. Ilikuwa katikati ya juma, mimi niko nyumbani kwa sababu saluni haikuwa na stima. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Alisema malalamiko yamemfikia landilodi, ya maji, ya pampu inayokula stima, ya uzito wa tangi juu ya vichwa vya watu wa chini, na hayo mengine ya mapepo ambayo yeye binafsi hayaamini lakini watu wanayaamini. Jumapili baada ya kanisa kutakuwa na mkutano uani. Niende nikiwa nimeshaamua.

"Madam," alisema, "hii maji ni ya watu. Jumapili utatuambia, ni samaki ama ni nyumba."

Alipoondoka mama aliniuliza amesemaje, nami nikamtafsiria yote. Nilimwona tu akiliangalia tangi, kisha pipa lililokuwa pembeni ya mlango, kisha tangi tena. Laiti ningemuuliza anawaza nini.

Jumamosi ni siku ya saluni. Watu wote wanataka kichwa cha kanisani. Nikaondoka asubuhi, na nilipokuwa huko, maji yakarudi Gatina. Baada ya ukame wote ule bomba lilikohoa kutu, likatema, halafu likafunguka kwa nguvu. Tulisikia hadi kule 56 watu wakiitana na mitungi. Niliwaza nikirudi nitakuta foleni imeisha. Sikuwaza lingine.

Nilirudi alasiri. Harufu nilikutana nayo kwenye ngazi, ile harufu kali ya dawa ya maji, inayokuja bomba likifunguliwa baada ya kufungwa muda mrefu. Nikapanda mbio. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, gauni limelowa hadi kiunoni, uso unang'aa. Alikuwa amepanga foleni uani pamoja na vijana, akabeba mitungi mmoja baada ya mwingine ghorofani, mama mzee yule na magoti yake. Alikuwa ameyamwaga maji yote ya tangi na kulisugua vioo, akalijaza maji mapya hadi juu. Pipa nalo alilimwaga, akalisugua, akalijaza mapya. Chumba kizima kilikuwa safi. Maji yalikuwa meupe pe, unaona ukutani upande wa pili.

Samaki walikuwa juu, wanatweta, midomo nje ya maji. Mapezi yao yalikuwa na mistari myekundu kama ya mjeledi. Askofu alikuwa tayari ameegemea kioo, halafu akalala ubavu.

Nilikasirika hadi masikio yakaziba. Mungu wangu shahidi, nilikasirika. Nilitafuta maji ya zamani, hakukuwa na tone, kila kitu ndani ya nyumba yangu kilikuwa kimeoshwa. Nikachukua beseni nikatoka nje, na mlango wa karibu ulikuwa wa nani? Wa mama wa kanisa. Niligonga. Nilimwambia naomba maji ya pipa lake, yale ya kufulia, ya chini kabisa, machafu. Alinitazama, akalitazama beseni, akaelewa ni ya nani. Nilingoja anifungie mlango. Akachukua kopo, akainama ndani ya pipa hadi kichwa kikapotea, akanijazia beseni lote. Halafu akasema yule mweusi bado ni pepo.

Nilirudi nikawavua mmoja mmoja nikawatia katika beseni. Tulikaa chini sakafuni, mama na mimi, nikichota na kumwaga kwa jagi. Wale wawili wa machungwa walikufa, kwanza mmoja, baadaye kidogo mwenziwe. Wa madoadoa alizunguka zunguka akaenda chini, hakuinuka. Mweusi alibaki. Alikaa chini ya beseni na macho yake yale ya kushtuka, matamvua yakifunguka na kufunga, akakataa kufa.

Sikumpigia mama kelele. Kwetu mtu hampigii mama yake kelele, lakini pia sikuweza kumtazama. Niliuliza ukuta kwa nini. Kwa nini, na nilikuwa nimeacha maji mazuri pale, yametulia, yanawafaa.

"Yalikuwa yamesimama, nyara," akasema. Nyara ni binti yangu, kwa lugha yetu. "Kule kwetu maji yamesimama chini ya lile gugu. Samaki wanatoka juu wanatafuta hewa, wanakufa, wanaelea mpaka ufuoni, tunawasukuma kwa miguu. Mimi nimeona. Nikaona na hawa wako umewatia kwenye maji yaliyosimama, na kesho watu wanakuja kuwahukumu. Nikasema sitaona hivyo mara ya pili."

Mtu wa ziwani ndiye awezaye kukosea hivyo, na ni mtu wa ziwani tu. Kwake maji yanayokimbia ni hai na maji yaliyosimama ni kaburi, na kwa ziwa lake alikuwa sahihi. Bomba lilikuwa limekimbia kwa nguvu mbele ya macho yake. Alikuwa amewaletea kitu bora kuliko vyote vilivyokuwako Gatina siku hiyo, amekipandisha ngazi kwa magoti yake mwenyewe. Hasira ilinitoka yote, ikabaki huzuni, na huzuni niliiweza. Nilimwambia habari ya dawa. Alisikiliza hadi mwisho, akajifunga leso vizuri, akasema, "Basi nimewaua mimi."

Jirani mmoja wa chini, akiwa amesikia, alituma ujumbe kwamba kama hatuwataki hao waliokufa yeye ana mafuta jikoni. Mama alimjibu kwa lugha yetu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha akawafunga wanne wale ndani ya gazeti na kuwazika penye mgomba nyuma ya choo cha uani. Yeye ambaye alikuwa amepasua samaki wasiohesabika.

Jumapili uani walikuwako wote, bado wamevaa nguo za kanisani. Keateka alianza kwa furaha, kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Alisema kesi imejimaliza yenyewe, Mungu amefanya kazi yake, amebaki mmoja, na mmoja si wa kugombania. Nimpe mtu, ama nimtupe mtoni, na vioo vile fundi atanikatia viwe madirisha. Watu wakaitikia. Fundi seremala aliangalia viatu vyake. Mama wa kanisa, naye nilikuwa namngoja, hakufungua mdomo kabisa.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa heshima, na heshima ilinitoroka. Nikawauliza kama kuku wanaofugwa pale kwenye veranda ya chini hawanywi maji. Nikauliza, na bata wa keateka mwenyewe, wanaooga ndani ya karai kila siku, wanaoga kwa kitu gani, kwa upepo? Hakuna aliyewahi kuitishiwa mkutano kwa sababu ya bata.

"Shida yenu si maji," nikawaambia. "Bata analiwa, kwa hivyo anaruhusiwa kuoga. Shida yenu ni kwamba mimi hawa siwali. Mtu kama mimi akiwa na kitu kisicholiwa na kisichouzwa, mnaona amewaibia."

Keateka aliinua mkono. Akasema sawa, maneno matamu, lakini landilodi anataka jibu moja. Samaki ama nyumba.

"Samaki," nikasema.

Mtu akacheka, halafu akaacha. Nadhani walitaka nilie kidogo, nibembeleze, wanisamehe na wabaki na heshima yao. Sikulia. Mama aliniuliza kwa sauti ya chini nimewaambia nini. Nilipomwambia, hakuuliza tutalala wapi, ingawa mimi mwenyewe sikujua. Aliinuka, akavuka uani mbele ya wote, akapanda ngazi kwenda kufunga vitu.

Tulipata chumba cha mabati upande wa Riruta, kidogo kuliko cha kwanza, cha chini, sakafu ya saruji iliyopasuka. Fundi seremala alileta mkokoteni wake bila kuitwa, akabeba tangi tupu na stendi aliyoitengeneza. Mimi nikabeba godoro. Mweusi nilitaka kumbeba mwenyewe katika ndoo, na mama akakataa kabisa. Alisokota leso akaifanya kata, akaiweka kichwani, akainama nimtwike. Maji ya ndoo yalikuwa ya pipa la mama wa kanisa, ambaye alitusindikiza hadi getini na hakusema lolote kuhusu mapepo.

Hivyo ndivyo tulivyopita pale Kawangware 56 mchana peupe, mkokoteni mbele, mama katikati, mimi nyuma na godoro langu. Alitembea kama alivyotembea maisha yake yote kutoka ufuoni kwenda sokoni, shingo wima, mikono huru, maji hayatikisiki. Wanawake wanaokaanga samaki pale stejini walimtambua kwa mwendo tu kwamba ni mwenzao. Mwanamume mmoja aliyekuwa akitafuta kitoweo akamfuata, akamwita.

"Mama, samaki pesa ngapi?"

Alisimama. Sikuwahi kumwona mama yangu akimpita mteja, hata siku ya mvua, hata siku ya matanga. Hakuwa na senti yoyote yake mwenyewe tangu afike Nairobi. Nilisimama nyuma yake nikishikilia godoro, nikaona mkono wake ukipanda hadi ukingo wa ndoo, kwa mazoea, kama wa kuitua.

Mkono ukabaki pale pale, umeishika ndoo.

"Huyu si wa kuuza," akasema kwa Kiswahili chake, kwa sauti ya sokoni, ili na wale waliokaa kwenye makaango wasikie. "Huyu namtazama."